Mtoto mwenye homa si mtoro

Barua ya wazi kwa walimu wakuu wa shule za msingi na wajumbe wa kamati za shule



Mwalimu wa darasa la kwanza anaijua saa ambayo Panadol huisha nguvu. Ni saa nne, wakati wa uji. Mtoto aliyepanga mstari paredini akionekana mzima, aliyeitikia "nipo" majina yalipoitwa, sasa amelaza shavu juu ya dawati na hataki hata kikombe. Akiguswa shingoni, anaungua. Dawa hiyo hushusha homa kwa saa 4 hadi 6, kwa hiyo aliyemezeshwa saa kumi na mbili kasoro robo, gari la shule likipiga honi nje, huanza kuchemka upya saa nne au saa tano. Kufikia hapo amekwisha kukaa asubuhi nzima na wenzake wawili kwenye dawati moja, bega kwa bega.

Mama wa mtoto huyo hakufanya hivyo kwa ujinga. Kila mvua zinapoanza na kila ugonjwa unapolipuka, wazazi hukumbushwa wasipeleke watoto wagonjwa shuleni, kana kwamba hawajui kuwa mtoto anayechemka anastahili kulala. Wanajua. Wanampeleka kwa sababu wamepiga hesabu, na mengi yaliyomo katika hesabu hiyo yamewekwa na shule yenyewe: daftari la mahudhurio lenye wino mwekundu, jaribio la Ijumaa ambalo halirudiwi, cheti cha daktari kinachodaiwa kwa homa ya siku moja, na katika baadhi ya shule fimbo kwa anayerudi bila karatasi. Barua hii ina dai moja. Uamuzi wa mtoto mgonjwa kubaki nyumbani hufanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, siku nyingi kabla homa haijapanda, na ofisi hiyo ndiyo inayoweza kuubadilisha bila kusubiri bajeti wala mfadhili.

Sheria itajwe mapema, maana ndiyo inayonukuliwa kwenye mikutano ya wazazi. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mpaka amalize, na asiyetimiza anaweza kufikishwa mahakamani. Hakuna anayeomba ifutwe. Nchi ambayo bado ina watoto wanaozuiliwa nyumbani wachunge ng'ombe au wauze karanga stendi inaihitaji sana. Lakini mtoro ni yule asiyekuja bila sababu, na ugonjwa ni sababu ya zamani kuliko shule zote. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 nazo ziko wazi: ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe. Tetekuwanga haimo katika makosa ya nidhamu.

Upande wa mzazi iko sheria nyingine, ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa hata na wanaofaidika nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa ajili ya kuuguliwa au kufiwa na mtoto, pamoja na misiba mingine ya karibu. Siku 4 si nyingi; tetekuwanga moja inazimaliza zote. Hata hivyo zipo, na shule ingeweza kuzitangaza kwenye mkutano ule ule inaotangaza mchango wa mlinzi. Mama lishe wa Buguruni hazimhusu. Asipowasha jiko leo, leo hakuna mauzo. Kwake shule ni mahali penye kivuli na mtu mzima anayeangalia watoto, na ukimwambia abaki nyumbani na mtoto mwenye homa atauliza, kwa haki kabisa, watakula nini jioni. Shule haiwezi kumjibu swali hilo. Inachoweza ni kutomwongezea gharama nyingine juu yake.

Basi ni mtoto gani hasa abaki nyumbani?

Homa ndiyo ya kwanza. Joto likifika nyuzi 38, mtoto hana cha kujifunza darasani. Kipimajoto kinauzwa maduka ya dawa, ingawa nyumba nyingi hazina, na kiganja cha bibi kimefanya kazi hiyo miaka mingi bila kuaibika. Kinachosahaulika ni siku ya kurudi. Utaratibu unaokubalika na wengi ni mtoto apite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Maneno hayo mawili, "bila dawa", ndiyo yanayovunja hesabu ya Panadol ya alfajiri, na ndiyo yanayostahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao wa matangazo.

Malaria inahitaji maelezo yake, kwa kuwa inachanganya watu. Mtoto mwenye malaria hamwambukizi jirani yake wa dawati. Lazima mbu aingie kati. Anabaki nyumbani kwa sababu anaumwa na anatakiwa kupimwa siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha haraka ambacho zahanati hutoa majibu ndani ya nusu saa. Dawa ya mseto humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, asubuhi na jioni, baada ya ile ya pili inayofuata saa 8 tu baada ya ya kwanza. Maana yake ni kwamba homa ikishakata na mtoto akala, anaweza kurudi darasani huku vidonge vya mwisho akivimeza nyumbani. Wapo walimu wanaomrudisha mtoto wa namna hiyo kwa sababu "bado yuko kwenye dozi", na wapo wazazi wanaokatisha dozi ili asirudishwe. Wote wawili wanaipa malaria nafasi ya pili.

Tumbo la kuhara na kutapika ni kesi nyingine kabisa, na hapa barua hii inaomba ukali zaidi, maana vyoo vya shule vinajulikana. Kiwango cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Mwalimu mkuu anayesoma hapa anajua idadi ya matundu yake na anajua pia ni mangapi yana mlango. Mtoto mmoja anayehara, choo kimoja, ndoo moja ya maji iliyotekwa asubuhi na watoto wa zamu: haihitaji mtaalamu. Shule nyingi za nje hutumia saa 48 tangu mara ya mwisho mtoto alipohara au kutapika, na hakuna sababu ya shule ya Temeke au ya Nyamagana kutumia pungufu ya hapo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilizunguka mikoa kwa miaka iliyofuata. Uzembe wa siku mbili si jambo dogo katika mji ulioonja hayo.

Kisha yale ya vipele na uvimbe. Mtoto mwenye surua huambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele kutoka mpaka siku 4 baada ya kutoka, na virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa naye, 9 hupata. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo kadi ya kliniki inayoletwa siku ya kuandikisha mtoto isiishie kuchunguzwa tarehe ya kuzaliwa tu. Tetekuwanga haimo katika chanjo za kawaida za watoto nchini, na mgonjwa wake abaki nyumbani mpaka kila lengelenge likauke na kuwa gaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Matubwitubwi ni siku 5 tangu shavu lilipovimba. Mafindofindo yanayoletwa na bakteria huacha kuambukiza siku moja baada ya kuanza antibaotiki, lakini vidonge vimalizwe: koo hilo likipuuzwa mara kwa mara laweza kuharibu vali za moyo, na vijana wanaofikishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wakiwa na moyo ulioharibika kwa njia hiyo walianza na koo tu.

Macho mekundu yanastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila mtu anayakumbuka. Januari 2024 shule zilikuwa ndio zimefunguliwa, na Dar es Salaam ikajaa miwani myeusi: kwenye daladala, benki, mpaka kwenye harusi za usiku. Wizara ya Afya ilitoa taarifa kwamba ni maambukizi ya virusi, ikasisitiza kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, ikawaonya watu waache kujitibu kwa vitu visivyoshauriwa na daktari. Mombasa nayo ikapata zamu yake muda mfupi baadaye. Majumbani ilikuwa kazi kuzizuia tiba hizo: huyu analeta maji ya chumvi, yule chai ya rangi iliyopoa, jirani ana dawa ya matone iliyobaki tangu mwaka juzi. Antibaotiki haiui virusi, na chupa moja ya matone ikipita macho ya watoto wanne inasambaza ugonjwa iliokusudiwa kuuponya.

Shule ziligawanyika. Nyingine zilimrudisha getini kila mwenye jicho jekundu. Nyingine zilisema mitihani ya kufungua muhula haingoji. Anayetaka kutetea hizi za pili ana hoja. Uingereza, mwongozo wa afya haumzuii mtoto mwenye macho mekundu kwenda shule. Lakini mwongozo huo umeandikwa kwa darasa la watoto 30 hivi lenye bomba na sabuni karibu. Hapa kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa chumba, na mwalimu mwenye 45 kamili huonekana amependelewa. Watoto wanaazimana rula, ufutio na kitabu cha kiada kimoja kwa watatu. Kwa mazingira hayo, mwandishi wa barua hii anasimama na waliomrudisha mtoto: maadamu jicho linatoa uchafu au machozi hayakatiki, akae nyumbani. Jicho likiwa bado na wekundu kidogo lakini limekauka, arudi. Akisubiri liwe jeupe pe, atapoteza wiki mbili bure.

Na tukitaja kunawa, zikumbukwe zile ndoo. Shule zote zilipofungwa kwa Uviko Machi 2020 na kufunguliwa tena kufikia mwisho wa Juni mwaka huo, kila geti lilikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kwenye kamba. Ziko wapi? Katika shule nyingi koki zimeng'oka na ndoo inahifadhi chaki. Kurudisha koki kunagharimu kiasi ambacho kamati ya shule haina haja ya kukiitia mkutano.

Upande wa pili wa jambo hili hauzungumzwi sana, nao ni watoto wanaorudishwa nyumbani bila sababu. Mafua ya kamasi bila homa si sababu. Minyoo si sababu. Dawa yake hutolewa shuleni hapo hapo. Mapunye kichwani yanahitaji dawa ya kumeza ya wiki kadhaa, na mtoto akishaanza dawa asiwekwe nyumbani wala asinyolewe mbele ya paredi. Mwenye upele wa kuwasha anarudi siku inayofuata baada ya kupakwa dawa mwili mzima, ilimradi na wanaolala naye wapakwe. Chawa hawamzuii mtu kujua kusoma. Kikohozi cha mafua hakizuii darasa, ila kikifika wiki mbili mtoto apelekwe akachunguzwe kifua kikuu, na hapo aulizwe pia ni mtu mzima gani anayekohoa nyumbani, kwa maana watoto wengi hukipata kwa wakubwa. Mtoto anayeishi na VVU hana siku hata moja ya kuzuiliwa kwa sababu hiyo, na mwalimu aliyeambiwa siri na mzazi hana ruhusa ya kuipeleka chumba cha walimu.

Kifafa ndicho kilichoonewa kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, baada ya kukuta wagonjwa wengi waliotengwa na jamaa zao kwa imani kwamba mate ya mtu aliyeanguka yanaambukiza. Wengine walianguka motoni, watu wakaogopa kuwagusa. Dawa za vidonge za bei ndogo ziliwasimamisha wengi wao. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado wapo watoto ambao mara ya kwanza walipoanguka darasani wenzao walikimbilia nje, na mwalimu mkuu akamwita mzazi "amtafutie kwanza tiba". Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu, kwa kugusa wala kwa kitu kingine chochote. Anayeanguka alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, asiwekewe kijiko mdomoni, na akizinduka apumzike. Degedege ikipita dakika 5 bila kukoma, gari litafutwe. Kesho yake aje shule.

Mwenye sikoseli yeye huonewa kwa namna tofauti. Takriban watoto 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka, na wanaofika umri wa shule hukosa masomo siku mbili, wiki moja, siku tatu, kwa vipindi vya maumivu visivyo na ratiba. Akirudi yuko sawasawa, anacheza, na mwalimu anaona mtoto mvivu mwenye mama mwepesi wa huruma. Kwa mtoto huyu homa ya nyuzi 38 si ya kulala nayo nyumbani hata kidogo. Ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwalimu wa darasa akiyajua hayo mawili tu, pamoja na kumruhusu anywe maji darasani na kutoka kwenda kukojoa bila kuomba mara tatu, amemsaidia zaidi ya mahubiri.

Na kuna lile la kufunga shule kabisa, ambalo kamati hulifikia haraka zikishtuka. Mkasa wa Kashasha unafaa kusomwa kabla ya kufuli kutiwa getini. Tarehe 30 Januari 1962, wiki 7 hivi baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku hadi 16. Hakupatwa mwalimu hata mmoja. Vipimo vya maabara havikuonyesha kitu. Wasichana wakatawanywa makwao, na siku chache baadaye Nshamba, walikotoka baadhi yao, kukawa na watu wanaocheka na kulia. Kati ya Aprili na Mei walifika 217, wengi wao vijana na watoto. Kashasha ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wakashikwa wengine 57, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Shule ya wasichana ya Ramashenye nayo ikaingia katika mkumbo. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa ya mkasa huo mwaka 1963, hawakuona kijidudu. Waliona histeria ya kundi, iliyopita kutoka mtu kwa mtu.

Walimu wakuu wanaojua wasichana wa darasa la sita na la saba wanaoanguka na kupiga kelele wakati wa mitihani watakuwa wameshaelewa. Huyo wa kwanza akiondolewa kimya kimya, akapewa maji na mahali pa kulala mbali na macho ya wenzake, mara nyingi jambo huishia hapo. Akiombewa mbele ya paredi, au shule nzima ikitawanywa kwa kishindo, wanaongezeka. Kwa ugonjwa wenye kijidudu kuna wakati kufunga kunahitajika, na uamuzi huo usifanywe bila mganga mkuu wa wilaya. Anayehitaji kurudishwa nyumbani kwa kawaida ni mtoto mmoja, wawili, watano.

Namna ya kumrudisha ndiyo inayotia uchungu kuliko yote yaliyomo humu. Mtoto wa miaka 7 anaungua. Mwalimu wa zamu ana madarasa mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu mwenzake yuko likizo ya uzazi. Anaangalia darasani, anamwona mtoto anayekaa mtaa ule ule, anasema, "Msindikize mwenzako." Wanatoka wawili, mgonjwa na msindikizaji, wote wa miaka 7, begi mbili mgongoni mwa mmoja, wanavuka barabara yenye malori, wanafika nyumbani na kukuta kufuli. Mama yuko sokoni. Mgonjwa anakaa kibarazani, msindikizaji anarudi peke yake. Mwalimu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na madarasa mawili. Lakini shule yenye mkeka mmoja na kona yenye kivuli, na daftari lenye namba mbili za simu za kila mtoto, ya mzazi na ya mtu mwingine wa karibu, haihitaji kumtoa mtoto getini kabla mtu mzima hajaja kumchukua. Na mtoto akikataa hata maji, akatapika kila anachopewa, akalegea asiamke vizuri, shingo ikakakamaa au akapata degedege, mzazi aambiwe akutane na mwalimu zahanati.

Cheti cha daktari kiachwe kwa ugonjwa wa zaidi ya siku 3. Kwa homa ya siku moja kinamtoa mama kwenye kazi yake, kinampanga mtoto foleni na wagonjwa wengine, na kinamtoza pesa, kwa kuwa msamaha wa malipo katika vituo vya serikali ni wa watoto walio chini ya miaka 5 na wa darasa la kwanza ameshauvuka. Daktari naye hujikuta akitumia dakika zake kuandika "alikuwa na mafua". Ujumbe wa simu wa mzazi kwa mwalimu wa darasa, uliotumwa kabla ya majina kuitwa, unatosha, na katika daftari iwepo alama yake tofauti na ya utoro. Jaribio alilokosa afanye siku aliyorudi, au lisihesabiwe. Zawadi ya mahudhurio ya asilimia 100 inayotolewa siku ya kufunga muhula ifikiriwe upya pia. Anayeipata mara chache huwa mtoto mwenye afya kuliko wote, na mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake wana moyo mgumu kuliko wengine.

Kuna wasiwasi wa haki hapa, kwamba mlango ukilegezwa kila mtu ataumwa Jumatatu. Uingereza wanaishi na tatizo hilo: Septemba 2023 Mganga Mkuu wao, Chris Whitty, pamoja na viongozi wenzake wa afya waliwaandikia wakuu wa shule kuwakumbusha kuwa kikohozi na mafua madogo hayamzuii mtoto kwenda shule, kwa sababu wazazi wengi baada ya Uviko walikuwa wakiwabakiza watoto kwa kila chafya. Kwa hiyo shule iuandike utaratibu huu kwenye karatasi yenye pande mbili, abaki na aje, na upande wa aje uandikwe kwa uzito ule ule. Darasa la saba nalo lisiachwe nje kwa kisingizio cha mtihani wa Septemba. Kambi ambazo watoto hulala wamebanana sakafuni madarasani ndiko tetekuwanga inakopenda kufika, na anayefanya mtihani akiwa na malengelenge hajafanyiwa hisani.

Karatasi hiyo itoshe upande mmoja na upande wa nyuma. Muuguzi wa zahanati ya kata aipitie, mhuri wa shule ugongwe, isomwe kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi Januari na kutumwa kwenye grupu la simu kwa wasioweza kufika. Nakala zibandikwe kila darasa, na kwa shule zenye magari apewe dereva na matroni wake, kwa kuwa wao ndio humpokea mtoto mlangoni alfajiri, Panadol ikiwa bado haijashuka tumboni, na mpaka leo hakuna aliyewaambia kuwa wana ruhusa ya kumwacha.